Breki ya Konokono

Urabe Yasuto alikuwa kiguu na njia tangu aliposimama dede. Mama yake, aliyekagua karatasi katika kiwanda kimoja cha mji wa Fuji, alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo hakuwahi kutambaa: leo amekaa, kesho yuko mlangoni anatafuta viatu. Shuleni alikalishwa mstari wa nyuma ili akiinuka asiwazibe wenzake. Hakuwa mtukutu. Hakupigana na mtu wala hakuwajibu walimu. Mwili wake tu ulikataa kukaa, na akili yake ilikuwa hivyohivyo. Mkono ukishika kitu hiki, jicho limeshahamia kile.

Kitu pekee kilichomtuliza kilikuwa mashine za kupandisha mizigo. Kule kiwandani marobota ya karatasi yalipandishwa kwa mnyororo hadi ghorofa ya tatu, na Yasuto, akimngoja mama yake atoke kazini, aliweza kusimama saa nzima akiangalia robota likipanda, likisita, likishuka. Walinzi walimzoea. Alipofaulu kuingia chuo kikuu kusomea uhandisi, hakuna aliyeshangaa kwamba alijiunga na timu ya lifti ya anga.

Wazo la lifti hiyo ni kubwa kuliko wenye nalo. Wapo watu wazima, wenye shahada zao, wanaoamini kwamba siku moja kamba itateremshwa kutoka angani, kutoka mbali kuliko satelaiti, ifungwe baharini penye mstari wa Ikweta, na magari yaipande kama chungu wapandavyo uzi. Kamba yenyewe bado haipo. Lakini gari la kuipanda linaweza kujaribiwa hata sasa, na ndiyo maana kila Agosti wanafunzi wa vyuo hukusanyika kwenye uwanda wa Asagiri, chini ya mlima Fuji, katikati ya malisho ya ng'ombe. Puto kubwa la heliamu hupandishwa, mkanda wa upana wa vidole vitatu huning'inizwa kutoka kwenye puto hadi ardhini, na kila timu hupandisha gari lake. Kupanda ndiko kunakopigiwa makofi. Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Na katika timu yao kazi ya kushuka alipewa Yasuto.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini. Alitengeneza breki kwa wiki tatu, akaijaribu, akaitangaza kuwa tayari. Siku ya mashindano gari lilifika kileleni, mita mia tatu, bila kusita, na wenzake wakakumbatiana. Likaanza kushuka. Breki ikashika, ikaachia, ikashika tena, halafu ikatoa moshi mwembamba ambao kutoka chini ulionekana kama uzi, ikaachia moja kwa moja. Gari lilikuja kama jiwe. Lilipiga godoro lililotandikwa chini likapasuka, na kipande cha alumini kikaruka kikamchana shavu Inui Sahoko, msichana aliyekuwa fundi wa nyaya wa timu. Alishonwa nyuzi saba. Pale zahanati, na bandeji usoni, alisema, "Angalau limeshuka," na wote wakacheka isipokuwa Yasuto.

Kabla majani ya vuli hayajaanza kuwa mekundu, alikuwa ameacha chuo. Hakuaga. Alijaza fomu ya ukurasa mmoja, akaitia kwenye sanduku la ofisi siku ambayo alijua timu iko karakana, akaenda zake.

Akawa fundi wa lifti za majumba. Wapo watakaoona ni ajabu, mtu aliyeumizwa na lifti kwenda kuzitafuta lifti, lakini ndivyo alivyokuwa. Mahali pengine popote angekaa, na kukaa ndiko kulikomshinda. Kazi ilimpeleka kutwa nzima kutoka jumba hadi jumba, kutoka shimoni hadi darini. Kwa miaka kumi na sita alihama nyumba mara nane, zote katika mji mmoja wa Shizuoka. Aliwahi kuchumbia. Mwanamke yule alivumilia mwaka na nusu, kisha akamwambia kwa upole kwamba kuishi naye ni kama kuishi na mtu anayengoja treni: amevaa koti, anaangalia saa, na wewe hujui kama umwekee chai au usimwekee. Wakati anaambiwa hayo, Yasuto alikuwa kweli amesimama.

Kazini alisifiwa kwa jambo moja, breki. Alikagua kila breki mara mbili kama kanuni inavyotaka, kisha mara ya tatu kwa ajili yake mwenyewe. Msimamizi wake, Kamogawa, mtu mnene wa maneno mengi, hakumwachia.

"Urabe, hiyo breki umeshaiamkia mara tatu leo," alikuwa akimwambia kutoka mlangoni. "Mwisho itadhani unaiposa."

Mwezi wa tano wa mwaka aliofikisha miaka thelathini na sita, alipelekwa kukagua lifti katika chuo kimoja kidogo cha ufundi pembeni mwa mji. Kama kawaida yake, alipandia ngazi. Kwenye uwazi wa katikati ya ngazi, kutoka ghorofa ya tano hadi sakafu ya chini, alikuta mkanda umening'inizwa, na juu ya mkanda kisanduku chenye magurudumu kinashuka taratibu kikilia kama nyuki. Ubavuni kilikuwa kimechorwa konokono kwa kalamu nene.

Yasuto alisimama. Alijua kabisa kwamba alipaswa kupita. Lifti ilikuwa upande wa pili, na baada ya hiyo alikuwa na nyingine tatu kabla ya saa kumi.

Msichana aliyefunga nywele kwa kibanio cha plastiki cha kufungia nyaya alimwambia bila kugeuka, "Fundi, lifti iko upande ule."

"Naiona," alisema Yasuto. "Hiyo breki yenu itaungua."

"Imeshuka mara arobaini. Haijaungua."

"Imeshuka ghorofa tano. Kule Asagiri siku hizi ni mita mia tano."

Sasa msichana akageuka. Aliitwa Nezu Chiharu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na kiongozi wa timu, mfupi, mwenye macho ya kumpima mtu kama anayetafuta ufa. Kando yake alikaa kijana mrefu, Masaomi, mwenye kompyuta magotini na tonge la wali mkononi.

"Kwani fundi unajua tunafanya nini hapa?" aliuliza Masaomi, mdomo umejaa.

"Niliwahi kuiunguza moja kama hiyo."

Chiharu alimtazama ovaroli, mkoba wa spana, viatu. "Basi wewe ndiye tuliyekuwa tunakutafuta," alisema. "Wote wanaokuja hapa kutushauri wanadai zao hazikuungua."

Hivyo ndivyo Alhamisi zilivyoanza. Kila Alhamisi, akimaliza jumba la mwisho, Yasuto alipitia chuoni akiwa bado na mafuta mikononi. Mwalimu wao aliridhia, akatia saini karatasi ya kumruhusu kuingia karakana, akarudi kwenye vitabu vyake. Yasuto aliwafundisha alichokijua. Katika lifti za majumba, aliwaambia, kipo kifaa ambacho hakingoji amri ya mtu. Lifti ikizidi mwendo, kinauma reli chenyewe. Akawatengenezea kidogo cha namna hiyo, cha kuuma mkanda. Kisha akageukia pedi za breki ya kawaida. Alitaka ziwe nene, milimita nane, zibebe joto.

Hapo vita vikaanza, maana kila gramu iliyoongezwa kwenye breki ilipunguzwa mahali pengine, na Chiharu alikuwa amepima hadi rangi ya mchoro wa konokono.

"Fundi, ukiendelea hivi Konokono mwenyewe atahitaji lifti ya kumpandisha," alisema.

"Akianguka hatahitaji chochote."

"Milimita nne."

"Nane."

Walibishana Alhamisi mbili. Walipatana kwenye tano, na kwa sababu tano zilimkosesha raha, Yasuto aliwataka waandike sharti juu ya kifuniko, kwa kalamu isiyofutika: breki ikizidi digrii mia na hamsini, gari likae, lisiachiwe mpaka ipoe. Masaomi aliandika. Hakuna aliyeuliza namba hiyo imetoka wapi.

Agosti walikwenda Asagiri kwa gari la chuo. Yasuto aliomba likizo ya siku nne, na Kamogawa alimwandikia huku akimcheka kwamba wengine wanatafuta lifti ya mbinguni wakati bibi wa ghorofa ya sita mtaa wa stesheni analalamika mlango unambana.

Siku ya kwanza ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho hata ng'ombe walionekana miguu tu. Ukungu ulipoondoka, ukaja upepo. Puto lilipandishwa mita hamsini, likavutwa na kuyumba, likateremshwa. Timu tisa zikakaa chini ya mahema yao, zikikaza nati zilizokwisha kazwa. Siku ya pili, upepo uleule. Kwa mtu wa kawaida hali hiyo inachosha. Kwa Yasuto ilikuwa kama kuvuliwa ngozi. Alizunguka uwanja. Alikwenda kuangalia winchi ya puto, akarudi, akaenda kununua tambi za kukaanga ambazo hakuzila, akarudi, akagusa breki, akaondoka tena.

"Umepiga mizunguko kumi na saba," Chiharu alimwambia akiwa amelala chali kwenye nyasi, kofia usoni. "Ng'ombe wameanza kukuiga."

Katika mzunguko uliofuata alikutana na mtu ambaye yeye alikuwa akimkwepa tangu jana. Mkuu wa usalama wa uwanja alikuwa mwanamke mwenye koti la rangi ya chungwa, redio kiunoni, na kovu jembamba lililoshuka kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo. Yasuto alikuwa amemwona kwa mbali mara sita, na mara zote sita akageuza njia. Safari hii Inui Sahoko alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Umechelewa miaka kumi na sita," alisema. "Chai ya shayiri ipo. Kaa."

Walikaa chini ya hema la waamuzi. Yasuto alikuwa na maneno yake tayari. Aliyatunga zamani, akayarekebisha katika mashimo ya lifti nyingi. Aliyasema yote, macho kwenye kikombe: kwamba breki ilikuwa yake, kwamba aliitangaza tayari kabla ya kuwa tayari, kwamba uso wa Sahoko ulikuwa dhamana yake, na kwamba aliondoka kama mwizi. Sahoko alimsikiliza mpaka mwisho, akageuza kikombe chake mezani mara moja, mara mbili.

"Nilikuwa ndani ya kamba," alisema.

"Kamba gani?"

"Kamba ya usalama. Ile ya njano. Mwalimu alinifukuza mara mbili, nikarudi. Nilitaka kupiga picha ya gari likitua." Alijigusa kovu kwa kidole bila kufikiri. "Ningekaa nilipoambiwa, kile kipande kingeanguka kwenye nyasi."

Yasuto alimtazama. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Niliandika barua mbili kwenu. Mama yako alizituma ulikohamia, zikarudi. Ulikuwa umeshahama tena."

Upepo uliinua pembe ya hema ukaiachia. Mzigo alioubeba karibu nusu ya maisha yake ulikuwa umepunguzwa nusu hapohapo, lakini badala ya kuona wepesi aliona anayumba, kama punda aliyeondolewa gunia la upande mmoja. Karibu akasirike. Aliwaza nyumba nane, yule mwanamke na chai yake, ngazi zote alizopanda.

"Lakini breki iliungua," alisema mwishowe.

"Iliungua," Sahoko akakubali. "Hiyo ni yako. Shavu ni langu." Redio yake ikaita, akasimama, akaenda kuitikia.

Siku ya tatu asubuhi upepo ulilala. Puto lilipanda hadi mwisho wake, doa jeupe juu ya malisho, na mkanda ukanyooka. Kila timu ilipewa dakika kumi na tano tangu kufunga gari kwenye mkanda hadi gari kurudi chini. Likirudi baada ya hapo, safari haihesabiwi. Timu nne za kwanza zilikwenda. Mbili zilikwama njiani, moja ikafika mia tatu, moja ikapanda na kushuka salama kwa mwendo wa kobe. Wa tano alikuwa Konokono, na mfuko wa mchele wa kilo tano tumboni kama mzigo.

Mkanda ulikuwa umejisokota. Dakika tano zilikwisha wakiunyoosha na kuupitisha katikati ya magurudumu. Kisha Chiharu akabonyeza rimoti, na Konokono akaondoka. Alipanda vizuri. Alipanda vizuri kiasi kwamba watu wa mahema mengine walitoka wakakinga macho kwa mikono. Masaomi alisoma namba kwa sauti, mia, mia mbili, mia tatu na ishirini, na katika dakika ya tisa akasema, "Kileleni," na sauti yake ikakatika. Hakuna timu iliyokuwa imefikisha mzigo mzito hivyo huko juu.

Yasuto hakushangilia. Alishika nguzo ya hema.

Konokono akaanza kushuka. Mita mia nne. Mia tatu. Kati ya mia tatu na mia mbili upepo mmoja ulipita, mmoja tu, mkanda ukatetemeka, gari likateleza kwa kasi, na kile kifaa kisichongoja amri kikauma. Konokono akasimama angani, mita mia na tisini juu ya nyasi.

"Breki ya kawaida?" Chiharu aliuliza.

"Digrii mia mbili na ishirini," alisema Masaomi.

Zilibaki dakika nne. Kutoka pale hadi chini, kwa mwendo mzuri, ni dakika moja na nusu. Lakini ili ashuke ilibidi kile kifaa kiachiwe, na kikiachiwa, kazi yote ilibaki kwa breki iliyokuwa ya moto. Masaomi alisoma tena: mia mbili na kumi. Kisha mia mbili na tano. Ilikuwa inapoa kwa uvivu.

Chiharu alikuja akasimama mbele ya Yasuto, rimoti mkononi, kidole kando ya kitufe.

"Urabe-san," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, tena kwa heshima. "Ile mia na hamsini uliipata wapi?"

"Kwenye lifti za majumba."

"Konokono si lifti ya jumba."

"Siyo."

"Basi niambie. Ni mia na hamsini ya kweli, au ya woga?"

Yasuto alifungua mdomo. Kwa miguu yake angekuwa ameshafika ng'ambo ya malisho. Kila kitu ndani yake, kitu kilekile kilichomwinua darasani na kumhamisha nyumba nane, kilisema achia, maliza, lishuke, tujue moja. Alitazama juu. Akatazama kamba ya njano, na nyuma yake watoto wa timu nyingine wamejipanga, simu zao hewani.

"Sijui," alisema. "Labda zote mbili. Lakini ningekuwa mimi, ningengoja."

"Mia moja tisini na nane," alisema Masaomi. "Dakika tatu."

Chiharu aliendelea kumtazama, na Yasuto hakugeuza uso. Kisha msichana akainua kidole chake kutoka kando ya kitufe, akakikunja ndani ya ngumi, akaenda kusimama peke yake kwenye ukingo wa hema. Dakika tatu zilipita. Zilikuwa ndefu kuliko siku mbili za upepo. Filimbi ya mwamuzi ilipolia, gari bado lilikuwa juu, na Masaomi alikuwa anasoma mia moja na sabini kwa sauti ya mtu anayesoma tanzia.

Ilipofika mia na hamsini, Chiharu alibonyeza. Konokono alishuka taratibu, akatua kwenye godoro bila hata kuukunja mfuko wa mchele. Watu wachache walipiga makofi. Kwenye ubao wa matokeo, mbele ya jina la chuo chao, waliandikiwa kistari.

Kabla ya kuondoka walifungua breki. Yasuto alitarajia kukuta pedi zimekuwa mkaa. Zilikuwa zimelika, ndiyo, zimebaki milimita tatu na kidogo, lakini zilikuwa nzima na ngumu. Masaomi alipiga hesabu kwenye kompyuta, akaipiga tena, akamgeuzia Chiharu kioo. Kwa hesabu ile, zingeshika. Nafasi ya kwanza ilikuwa yao, wakaiacha ining'inie pale juu.

Walirudi mjini kwa gari la chuo. Walipomshusha Yasuto karibu na kwake, alisema samahani, na Chiharu, akiangalia mbele, alisema, "Kidole kilikuwa changu," akafunga mlango wa gari. Haikuwa wazi kama alikuwa anamsamehe au anajilaumu.

Alhamisi iliyofuata Yasuto hakwenda chuoni, wala hakuitwa. Septemba yote ilipita hivyo. Alirudi kwenye breki zake, mara mbili kwa kanuni na mara ya tatu kwa ajili yake, lakini ile ya tatu haikumpa tena kitu. Aliigusa breki nzuri na hakuweza kusema kama anaikagua au anaiogopa. Alinunua makasha, akaanza kufungasha vitu ili ahame. Alifika nusu, akasimama, akawa anaruka makasha ukumbini kila asubuhi. Kamogawa alimuuliza kama anaumwa. Alijibu hapana.

Oktoba ikaja zamu ya lifti ya chuo. Alipanda ngazi, na kutoka ghorofa ya kwanza akasikia harufu anayoijua, harufu ya pedi iliyoungua.

Mkanda ulikuwa umening'inizwa tena. Chini yake, kwenye godoro, palikuwa na fremu tupu ya chuma iliyofungiwa mawe ya uzito, na pembeni, juu ya gazeti, pedi za breki zimepangwa mstari. Chiharu alikuwa amepiga magoti mbele yake na glavu za jikoni mkononi. Nyuma yake walisimama wanafunzi watatu wapya, wanaonekana wametoka sekondari jana.

"Tunazipasha moto hadi mia mbili, halafu tunaangusha," alisema, kana kwamba wameachana jana yake. "Unene uleule wa siku ile. Zilikuwa kumi."

"Zimeshika?"

"Tisa zimeshika."

Hakumwonyesha ya kumi, haikuhitajika. Yasuto aliiona mwisho wa mstari, nyeusi, imepasuka katikati, na akaona pia alama mpya ukutani palipopigwa na chuma.

"Sasa swali," alisema Masaomi kutoka ngazi ya juu, akimenya chungwa. "Siku ile ingekuwa ya ngapi?"

Wote wakaangalia gazeti. Mmoja wa wale wapya alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka, akanyamaza.

Chiharu alivua glavu. Alieleza kwamba Aprili anakwenda Kobe, kwenye kampuni ya winchi za bandari, na Masaomi pia anamaliza. Timu inabaki kwa hawa. Hawa hawaamini kitu, alisema, na afadhali. Amewaambia habari ya mia na hamsini, wakamuuliza imetoka wapi, naye hakuwa na jibu la kuwapa.

"Kwa hiyo waambie mwenyewe," alisema. "Mimi nimechoka kukutetea."

"Ulinitetea?"

"Na kukutukana. Kwa zamu."

Yasuto alisema kwanza lifti, kwa sababu ndiyo iliyomleta, akaenda akaikagua. Ilimchukua dakika arobaini. Alifunga mlango wa chumba cha mashine, akapiga simu kwa Kamogawa kumwambia kwamba jumba linalofuata atachelewa kidogo, akasikiliza alichoambiwa na kukata. Kisha akashuka hadi walipokuwa.

Msichana mmoja kati ya wale wapya, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, alimkabili bila hata kumsalimia. Alikuwa na daftari wazi.

"Ni mia na hamsini au siyo?" aliuliza.

"Sijui," alisema Yasuto, akaweka mkoba wa spana chini. "Haijawahi kupimwa. Leteni pedi mpya, tuanze na mia na kumi."

Msichana aliandika mia na kumi. Masaomi alishuka ngazi akipangusa mikono, Chiharu akavaa tena glavu, na Yasuto, ambaye hakuweza kungoja joto lipande akiwa amesimama mahali pamoja, akapanda hadi ghorofa ya tano kukagua mkanda, akashuka, akapanda tena.